Tangi la Oska: Jinsi ya Kumwandalia Makao Samaki Mwindaji Anayekua Upesi

Oska anayeuzwa dukani ana urefu wa kidole. Mwaka mmoja baadaye, akitunzwa vizuri, anafikia sentimita 25 hadi 30, na akikomaa anaweza kupita hapo na kuzidi kilo moja. Huishi miaka 10 hadi 15. Anza na hesabu hizo kabla hujatazama rangi zake. Oska wengi wanaokufa mapema majumbani huponzwa na uamuzi uliofanywa kabla hawajafika: tangi lilipimwa kwa kitoto cha samaki, na aliyekuja kuishi humo akawa samaki wa kujaza sahani.

Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kazi yenyewe, tangu kioo hadi chakula. Kila hatua ina kanuni ileile: pima kwa samaki utakayekuwa naye mwaka kesho. Ukiishika kanuni hiyo, mengine yote yanawezekana kwa mafundi na vifaa vya mjini kwako.

Mfahamu kwanza

Oska, ambaye wanasayansi humwita Astronotus ocellatus, asili yake ni bonde la mto Amazon huko Amerika Kusini: Peru, Kolombia, Brazil na nchi za jirani. Hupenda maji ya vuguvugu yanayokwenda polepole, kwenye kingo zenye magogo na mizizi ya kujifichia. Huko hula samaki wadogo, kamba, konokono na wadudu. Ni wa jamii ya sikilidi, kwa hiyo ana undugu na sato na furu wa maziwa yetu, na kama ndugu zake hao ana akili nyepesi. Baada ya wiki chache atamtambua anayemlisha na kumfuata kando ya kioo anapopita.

Akiwa mdogo huongeza karibu sentimita 2.5 kila mwezi. Maana yake, oska wa sentimita 5 unayemnunua Januari atakuwa na sentimita 15 kufikia Mei. Wapo watakaokuambia samaki hukua kulingana na tangi lake, kwamba ukimweka padogo atabaki mdogo. Usiyakubali maneno hayo. Anayebaki mdogo kwenye tangi dogo amedumaa: uchafu wake mwenyewe unamlemaza, uti wa mgongo unapinda, macho yanakuwa makubwa kupita kiasi kwa kiwiliwili chake, na maradhi yanampata kwa urahisi. Udumavu huo ni mateso ya polepole, na umri wake unafupishwa kwa miaka mingi.

Ukubwa wa tangi

Kwa oska mmoja, tangi la urefu wa sentimita 120, upana 60 na kimo 60 ndilo la chini kabisa. La sentimita 150 kwa 60 kwa 60 ni bora zaidi, na ndilo nitakalolitumia katika hesabu zote zinazofuata. Kwa oska wawili, panga sentimita 180.

Upana ndio watu wengi wanaousahau. Samaki wa sentimita 30 hawezi kugeuka vizuri katika tangi la upana wa sentimita 40. Atalazimika kujikunja kila anapofika mwisho, siku nzima, miaka yote. Kimo hakina umuhimu mkubwa hivyo. Ukilazimika kupunguza gharama, punguza kimo hadi sentimita 50, lakini upana usiuguse.

Usinunue tangi dogo la kuanzia kwa nia ya kuhamia kubwa baadaye. Litakufaa miezi mitatu au minne tu, kisha utakuwa umelipia matangi mawili. Kitoto cha oska hakidhuriki kwa kukaa kwenye maji mengi. Kinafaidika, kwa sababu uchafu wake unazimuliwa.

Kioo, stendi na sakafu

Fundi vioo mzuri anaweza kukutengenezea tangi kwa bei nafuu kuliko la kutoka nje. Mpe masharti haya. Kwa urefu wa sentimita 150 na kimo cha 60, kioo kiwe cha milimita 12, na juu pawekwe vipande vya kioo vya kushikilia kuta ili zisitanuke. Silikoni iwe ya kutengenezea matangi ya samaki, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, kwa sababu dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Kingo zote zisagwe zisikate. Likishagandishwa, liache likauke kwa wiki nzima. Kisha lijaze maji likiwa uani, kwenye sehemu iliyonyooka, na ulitazame kwa siku mbili. Uvujaji ukigunduliwa uani hurekebishwa kwa siku moja. Ukigunduliwa sebuleni utaharibu zulia, samani na pengine nyaya za umeme.

Sasa hesabu uzito. Ukiacha nafasi juu na ukitoa unene wa vioo, tangi hili hubeba karibu lita 460, nazo ni kilo 460. Vioo vyenyewe ni kama kilo 100. Ongeza mchanga, mawe na stendi, na jumla inapita kilo 600. Uzito wote huo unakaa kwenye eneo lisilofika mita moja ya mraba, ilhali sakafu za ghorofa za kuishi kwa kawaida husanifiwa kubeba kilo 150 hadi 200 hivi kwa kila mita ya mraba. Nyumba ya chini yenye sakafu imara ya zege haina shida. Ukiwa ghorofani, muulize mhandisi, na kwa vyovyote tangi likae sambamba na ukuta unaobeba jengo, kamwe lisikae katikati ya chumba.

Stendi ichomelewe kwa mabomba ya chuma ya mraba, yenye miguu sita, na juu iwekwe ubao mnene. Ipime kwa pimamaji pande zote mbili. Stendi iliyoinama hata kidogo hulundika mkazo kwenye kona moja ya kioo. Kati ya ubao na tangi tandika povu gumu la sentimita 1 hadi 2, ili chembe ya mchanga au kichwa cha msumari kisije kikapasua kioo cha chini.

Mfuniko usikosekane, tena uwe mzito au wenye vibanio. Oska anaruka, hasa anaposhtuliwa usiku.

Chujio: moyo wa tangi

Samaki mwindaji hula protini nyingi, na protini ikishasagwa hutoka kama amonia. Amonia inaunguza matamvua yake. Kinachomwokoa ni bakteria wanaoishi kwenye chujio: kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo na huondolewa kwa kubadilisha maji. Kwa hiyo unaponunua chujio, kwanza uliza kuna nafasi kiasi gani ya bakteria kukaa. Uwezo wa kunasa takataka unafuata baadaye.

Kwa oska, chujio dogo la kuning'inia halitoshi. Una njia mbili. Ya kwanza ni chujio la mkebe lililofungwa, kubwa, au mawili yakisaidiana. Ya pili, ambayo kwa mazingira yetu naipendekeza zaidi, ni sampu: chombo cha pili chini ya tangi, ambamo maji hushuka yenyewe kwa bomba, hupita kwenye sponji na vijiwe, kisha husukumwa juu na pampu. Sampu unaweza kuitengeneza kwa tangi la zamani au pipa la plastiki la kuhifadhia chakula. Safu ya kwanza iwe sponji nene ya kunasa uchafu. Ya pili vijiwe vyepesi vya volkano vyenye vitundu, vilivyooshwa vizuri. Ya mwisho pampu na hita. Kiasi cha vijiwe kijaze ndoo moja ya lita 20 angalau.

Pampu izungushe maji yote mara tano hadi nane kwa saa. Kwa lita 460, hiyo ni kuanzia lita 2,300 kwa saa. Nunua yenye namba kubwa zaidi ya hapo, kwa sababu namba ya kwenye boksi hupungua pampu inapopandisha maji juu.

Kabla samaki hajaingia, fanya jaribio moja la lazima: zima umeme na uangalie. Maji yatashuka kutoka kwenye tangi hadi yatakapofika usawa wa bomba la kutokea. Sampu lazima iwe na nafasi tupu ya kuyapokea yote. Bomba la kurudishia maji litobolewe tundu dogo karibu na uso wa maji, ili hewa iingie na kukata mvuto wa maji kurudi chini. Jaribio hilo la dakika tano ndilo litakalokuepusha na sebule iliyofurika umeme unapokatika usiku.

Maji utakayotumia

Oska ni mvumilivu wa pH kati ya 6 na 8, na ugumu wa maji haumsumbui sana mradi usiyumbe. Asichovumilia ni mabadiliko ya ghafla na klorini.

Maji ya bomba yana klorini. Yaache kwenye pipa wazi kwa saa 24 hadi 48, ukiyapulizia hewa kwa pampu ndogo, nayo itatoka. Au tumia dawa ya kuondoa klorini, kama sodiamu thiosalfeti, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Baadhi ya mamlaka za maji duniani hutumia kloramini, ambayo haitoki kwa kuachwa wazi. Kwa hiyo ulizia mamlaka ya maji ya mji wako inatumia nini, kisha uamue. Msimu wa mvua kubwa, maji ya bomba yanaweza kuja na tope. Yaache yatulie kwanza.

Ukitumia kisima, yapime. Visima vingi vya mwambao vina chumvi, na oska ni samaki wa maji baridi. Visima vingine vina pH kubwa, na hapo uangalifu uongezeke, kwa sababu pH inapopanda sehemu kubwa zaidi ya amonia huwa katika hali ile yenye sumu. Maji ya mvua yaliyovunwa kwenye paa safi ni laini na yanafaa kuchanganywa na ya kisima.

Weka pipa la akiba la lita 200 au simtanki ndogo, lililojaa maji yaliyokwisha kutayarishwa wakati wote. Kwa nyumba ambazo maji huja kwa zamu, pipa hilo ni sehemu ya tangi kama kilivyo kioo. Siku chujio likizimika au samaki akizidiwa, hutakuwa na muda wa kusubiri bomba.

Komaza tangi kabla ya samaki

Tangi jipya halina bakteria. Ukimtia samaki siku ulipolijaza, atalewa amonia yake mwenyewe ndani ya siku chache. Inabidi uwakuze bakteria kwanza, na kazi hiyo huchukua wiki 4 hadi 6.

Washa pampu na uweke joto la nyuzi 27 au 28. Tia kipande cha kamba mbichi ndani ya kitambaa cha wavu na ukiache kioze majini. Kitatoa amonia, nayo ndiyo chakula cha bakteria. Nunua vipimo vya matone vya amonia, nitriti na nitrati, na upime kila baada ya siku mbili. Utaona amonia ikipanda kisha ikishuka; nitriti ikipanda baada yake, kisha nayo ikashuka; mwishowe nitrati itaonekana. Amonia na nitriti zikisoma sifuri, tia kipande kingine. Iwapo kitakuwa kinaoza na vipimo vyote viwili vikabaki sifuri, tangi limekomaa. Badilisha nusu ya maji, kisha kamchukue samaki.

Kuna njia ya mkato iliyo halali: omba sponji iliyotumika kutoka kwa mfugaji ambaye samaki wake ni wazima. Isafirishwe ikiwa na unyevu na iwekwe kwenye chujio lako saa chache tu baadaye. Hata hivyo usiache kupima. Maji kung'aa si dalili ya usalama, kwa maana amonia haina rangi.

Joto na umeme

Oska anataka nyuzi 24 hadi 28. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar, hita haihitajiki sehemu kubwa ya mwaka. Hatari huko ni joto kuzidi. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, kwa hiyo miezi ya Januari hadi Machi ongeza pampu ya hewa na uache uso wa maji utibuke. Nairobi, Arusha, Mbeya na Iringa ni kinyume chake: usiku wa Julai maji ndani ya nyumba hushuka chini ya nyuzi 20, samaki anaacha kula na kinga yake inaporomoka. Huko weka hita mbili za wati 200 badala ya moja ya 400. Moja ikifa, nyingine itashikilia; moja ikikwama ikiwa imewaka, haitachemsha tangi upesi. Ziweke kwenye sampu, kwa sababu oska mkubwa huzigonga na kuzivunja.

Piga hesabu ya umeme mapema. Pampu ya wati 40 inayofanya kazi saa 24 hula karibu uniti 1 kwa siku, yaani kama uniti 29 kwa mwezi. Hita zikiwaka kwa wastani wa wati 300 nusu ya siku, ni uniti 3.6 kwa siku, au 108 kwa mwezi. Kwa watu wa nyanda za baridi, kubandika povu gumu nyuma na kwenye mbavu za tangi hupunguza gharama hiyo.

Umeme utakatika, kwa hiyo jipange. Nunua pampu ya hewa ya betri, au unganisha ndogo na betri ya sola. Wakati umeme haupo usimlishe samaki. Njaa ya siku moja haimdhuru, chakula kinachooza humdhuru. Umeme ukikatika kwa saa nyingi na unatumia chujio la mkebe, usiliwashe moja kwa moja umeme ukirudi. Maji yaliyolala ndani yake yamekosa oksijeni na bakteria wengi wamekufa. Lifungue, yamwage maji hayo, suuza kwa maji ya tangi, ndipo uwashe.

Nyaya zote zining'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lianguke sakafuni lisifuate waya hadi kwenye umeme. Zima hita na pampu kila unapotia mkono majini.

Ndani ya tangi

Hapa fanya machache. Oska huchimba, husukuma mawe na kung'oa mimea. Tandika mchanga laini wa mto uliooshwa hadi maji yatoke meupe. Changarawe zenye ncha humkwaruza na anaweza kuzimeza. Mawe makubwa yakae juu ya kioo chenyewe kabla ya kutia mchanga, ili akichimba chini yake yasiporomoke. Gogo moja kubwa lisilo na ncha linatosha kumpa kivuli. Asilimia kubwa ya nafasi iwe maji matupu ya kuogelea. Ukipenda mimea, chagua inayoelea, uwe tayari kuiona imechanwa.

Kumchagua na kumleta

Chagua mwenye macho angavu, mapezi yaliyokunjuka na tumbo lililojaa kiasi, anayekuja mbele ukikaribia kioo. Mkatae mwenye vitundu kichwani, madoa meupe au anayehema kwa kasi. Mwombe muuzaji amlishe mbele yako. Ukifika nyumbani, acha mfuko uelee juu ya maji kwa dakika 15, kisha tia maji ya tangi kidogokidogo kwa nusu saa. Mtoe kwa wavu. Maji ya mfuko yamwage nje. Zima taa, usimlishe siku hiyo.

Usishtuke akilala ubavu chini ya tangi kwa saa kadhaa au siku moja. Oska hufanya hivyo akihamishwa au akipangiwa tangi upya. Mradi anahema sawasawa na vipimo vya maji ni vizuri, mwache.

Kuhusu wenzake, shika hili: chochote kinachoingia kinywani mwake ni chakula. Kambare wadogo wenye miiba, kama ngogo, ni hatari zaidi, kwa sababu mwiba hukwama kooni na wote wawili hufa. Sikilidi wa Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika usiwachanganye naye. Wanataka maji magumu yenye pH kubwa na chakula tofauti. Oska mmoja peke yake anaishi vizuri kabisa. Ukitaka jozi, dume na jike hawatofautishwi kwa macho. Wafugaji hulea vitoto kadhaa pamoja na kuwaacha wachaguane, kisha huwaondoa wengine. Kabla ya kufanya hivyo hakikisha hao wengine wana pa kwenda.

Chakula

Jina la mwindaji linawapotosha wengi, wakampa samaki hai kila siku au nyama ya ng'ombe. Vyote viwili vina madhara. Samaki hai wa dukani huleta vimelea na magonjwa moja kwa moja tumboni mwake. Nyama na mafuta ya ng'ombe au kuku hayasagwi vizuri na samaki, na mafuta hayo hulundikana kwenye ini.

Msingi wa mlo uwe chakula cha punje kinachoelea, chenye protini asilimia 40 hivi. Ukikosa cha samaki wa mapambo, punje bora za kufugia kambare zinafaa. Juu yake ongeza vya aina mbalimbali mara tatu au nne kwa wiki: kamba wenye maganda, vipande vya samaki mweupe visivyo na miiba, minyoo ya ardhini, panzi na kumbikumbi waliokamatwa mahali pasipopuliziwa dawa. Dagaa wakavu waloweke na uwasuuze chumvi na mchanga, na uwape kwa nadra. Kubadilisha mlo ndiko kunakompatia vitamini. Anayelishwa kitu kimoja mwaka mzima hupungukiwa.

Mdogo mpe mara mbili au tatu kwa siku, kiasi atakachokimaliza ndani ya dakika mbili. Akifika sentimita 20, mara moja kwa siku inatosha, na siku moja kwa wiki asile kabisa. Atakuomba kila ukipita. Usimhurumie kwa hilo, kwa kuwa chakula cha ziada kinageuka amonia. Kinachobaki kitoe mara moja.

Kazi za kila wiki na dalili za kuangalia

Kila wiki badilisha asilimia 30 hadi 40 ya maji, yaani lita 140 hadi 185. Nyonya uchafu wa chini kwa mpira, kisha rudisha maji ya pipa yenye joto linalokaribiana na la tangi. Maji unayotoa yana nitrati, mbolea nzuri ya mchicha na migomba, isipokuwa yawe na dawa au chumvi. Sponji isuuze ndani ya ndoo ya maji ya tangi. Ukiisuuza bombani, klorini itawaua bakteria uliowangoja wiki sita. Kamwe usioshe sponji na vijiwe vyote siku moja.

Pima kila wiki: amonia sifuri, nitriti sifuri, nitrati isizidi miligramu 40 kwa lita na ikiwezekana iwe chini ya 20. Samaki anapoongezeka urefu, nitrati itapanda upesi zaidi, nawe ongeza kiasi cha maji unayobadilisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Magonjwa mawili yanayowasumbua sana oska hushamiri kwenye maji yaliyopuuzwa.

La kwanza ni vitundu kichwani. Huanza kama nukta ndogo kuzunguka macho, kisha hupanuka kuwa mashimo. Huhusishwa na nitrati nyingi, mlo duni na vimelea vya utumbo. Ukiziona nukta, badilisha maji mara mbili au tatu kwa wiki, boresha mlo, na mwone daktari wa mifugo kama zinaongezeka. Yakiwahiwa, hupona, yakichelewa, huacha makovu.

La pili ni madoa meupe kama chembe za chumvi mwilini, yanayotokana na kimelea. Pandisha joto polepole hadi nyuzi 30, ongeza hewa, na tia gramu 1 hadi 3 za chumvi isiyo na viongezeo kwa kila lita. Endelea siku 10 hata kama madoa yametoweka, kwa sababu kimelea hudhurika tu anapokuwa anaogelea majini, na wengine bado wamejificha mchangani wakizaliana.

Siku usipoweza kuendelea naye

Miaka 10 ni mingi. Kazi inaweza kukuhamisha mkoa, nyumba ikabadilika, kipato kikapungua. Kwa vyovyote usimwachie oska mtoni, bwawani wala ziwani. Kusini mwa Florida, Marekani, oska walioachiwa wamezaliana na kuenea kwenye mifereji na vinamasi. Sisi tuna mfano mkubwa zaidi wa nyumbani: sangara aliyepandikizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 alichangia kutoweka kwa mamia ya aina za furu ambazo hazikuwahi kuishi mahali pengine duniani. Aliyetoweka hivyo harudi. Oska mmoja huenda asizae, lakini anabeba vimelea ambavyo samaki wetu hawajawahi kukutana navyo, na anayemwachia hawezi kujua kama jirani yake naye hakuachia wa kwake.

Njia za heshima zipo. Duka lililokuuzia huenda likampokea, na wafugaji wengine wenye matangi makubwa mara nyingi hutafuta samaki waliokwisha kukua. Hoteli, shule na bustani zenye matangi ya ndani nazo zinaweza kuulizwa.

Kwa hiyo, kabla hujamwagiza fundi kioo, andika mambo manne: pesa za tangi na chujio kamili, uniti za umeme kwa mwezi, saa mbili za kazi za kila wiki na ni nani atazifanya ukisafiri, na jina la mtu au mahali patakapompokea samaki ukishindwa. Ukiweza kuyajaza yote manne, anza kesho. Ukipungukiwa na moja, ngoja hadi ulipate, au chagua samaki mdogo zaidi. Oska watakuwepo dukani hata mwakani, na yule utakayemchukua ukiwa tayari ndiye atakayeishi.